Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Tuache Kuwadanganya Mabondia Warefu

Kuna sentensi moja ambayo kila bondia mrefu ameisikia tangu siku ya kwanza alipovalishwa glovu: "Wewe una mikono mirefu, kaa mbali." Kocha anaisema konani, mashabiki wanaipigia kelele kutoka viti vya nyuma, mtangazaji naye anairudia mpaka kengele ya mwisho. Mimi nasema sentensi hiyo, ikiachwa peke yake kama inavyoachwa kwetu, ni ya hatari. Si uongo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapeleka vijana hospitali.

Nusu iliyobaki ni kwamba mfupi atafika tu. Raundi ya kwanza au ya tisa, kwa ujanja au kwa ubishi, atafika kifuani. Sasa akishafika, huyo mrefu wako afanye nini? Hapo makocha wengi wananyamaza, au wanarudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi: kaa mbali! Jamani, mtu ameshabanwa kambani, paji la uso la mwenzake liko begani kwake, wewe unamwambia akae mbali. Mbali ipi?

Nimekaa miaka mingi kwenye kumbi za ngumi za Dar es Salaam, zile za viti vya plastiki na feni mbili, na picha ninayoiona ni ileile. Kijana mrefu anaanza vizuri. Jebu inatoka, ule mkono wa mbele wa kuchokoa na kupimia, na ukumbi unashangilia. Mfupi anakula tatu nne, anainamisha kichwa, anapenya. Mrefu anasimama wima kama mlingoti, kidevu kinapanda juu, anarudi nyuma mstari mmoja mpaka kamba zimpokee. Kuanzia hapo si mchezo tena, ni kipigo. Kesho yake mtaani wanasema, "Yule hana kidevu, ana kidevu cha glasi." Hapana bwana. Kidevu chake ni kama cha watu wengine. Hakufundishwa mahali pa kukiweka.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tumezoea kuitumia methali hii kwa watu wanaotegemea msaada wa ndugu walio ng'ambo, lakini kwenye ulingo inasimama kwa maana yake ya wazi kabisa. Jebu ni fimbo ya mbali. Ni silaha nzuri, na bondia mrefu asiye na jebu hana kazi ulingoni. Ila nyoka akishafika miguuni, fimbo ya mita mbili haikusaidii, maana huna hata nafasi ya kuinyanyua.

Hebu tupige hesabu ndogo. Ulingo ndani ya kamba una upande wa kama mita 5 au 6. Pambano la ubingwa ni raundi 12 za dakika 3, jumla dakika 36. Mle ndani kuna mtu mwingine ambaye kazi yake yote, tangu alipoanza ngumi, ni kujifunza namna ya kupita kwenye jebu ya watu warefu. Maisha yake yote amepigana na warefu, maana karibu kila mtu ni mrefu kwake. Wewe unamtegemea kijana wako azunguke dakika 36 bila kuguswa, bila kuchoka miguu, bila kukosea hatua moja? Mbinu inayodai usikosee hata mara moja si mbinu ya kumfundishia mtu. Ni dua.

Wenye kumbukumbu za kanda za video wanamjua Thomas Hearns wa Detroit. Sentimita 185 kwenye uzito wa welter, uzito wa watu wa kilo 66 na kidogo. Kwa mbali sijaona mtu wa uzito ule aliyekuwa anatisha kama yeye. Tarehe 16 Septemba 1981, Las Vegas, alikutana na Sugar Ray Leonard, akawa anaongoza kwenye kadi zote tatu za majaji. Raundi ya 13 Leonard akamfikia, akamwumiza, akamtoa nje ya kamba. Raundi ya 14 akambana tena kambani, ngumi juu ya ngumi, na mwamuzi Davey Pearl akasimamisha. Tazama tena zile raundi mbili uangalie mikono ya Hearns. Haimshiki Leonard, haimfungi, haimgeuzi. Mtu aliyekuwa na kila kitu cha mbali hakuwa na kitu cha karibu alipokihitaji kwa dakika chache tu. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Aprili 1985, Marvin Hagler hakusubiri hata raundi ya 13. Alimwendea tangu kengele ya kwanza na kazi ikaisha raundi ya tatu. Ni kweli Hearns aliumia mkono wa kulia mapema, lakini ukiumia mkono wa kupigia ndipo unapouhitaji zaidi ujuzi wa kushika na kugeuka.

Kinachonivutia ni kilichofuata, maana kocha wa Hearns, marehemu Emanuel Steward, aliendelea kufundisha warefu. Alimchukua Lennox Lewis, sentimita 196, baada ya Lewis kuangushwa na Oliver McCall raundi ya pili jijini London mwaka 1994, tena Steward mwenyewe akiwa kona ya McCall usiku ule. Baadaye, mwaka 2004, akamchukua Wladimir Klitschko, sentimita 198. Watu wanasahau Klitschko alikuwa katika hali gani. Corrie Sanders alimmaliza raundi ya pili Machi 2003. Lamon Brewster akammaliza raundi ya tano Aprili 2004. Dunia nzima ilisema amekwisha, hana kidevu. Halafu Septemba 2005 Samuel Peter wa Nigeria akamwangusha mara tatu, na mara zote tatu Klitschko akainuka, akashika, akafunga, akarudi kwenye jebu, akashinda kwa pointi. Mwaka uliofuata akachukua ubingwa na hakuuachia mpaka Novemba 2015.

Nini kilibadilika? Jebu? Jebu alikuwa nayo tangu alipochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996. Kilichobadilika ni kwamba aliyeivuka jebu hakukuta tena mlango wazi. Alikuta mikono yake imefungwa na kilo zaidi ya 105 zimeegemea shingoni, huku mwamuzi akija kuwaachanisha. Safari yote ya kupenya, pamoja na ngumi zote alizokula njiani, inakuwa bure, anaanza upya. Baada ya raundi sita za namna hiyo hata mtu jasiri anachoka kutamani kuingia.

Najua kelele zinazofuata hapa. "Ah, huyo Klitschko alikuwa anakumbatia tu, hana ngumi." Na mimi nakubali kwamba kuna usiku alipitiliza. Pambano lake na Alexander Povetkin, Moscow, Oktoba 2013, liliudhi, na mwamuzi alipaswa kumkatia pointi mapema na kwa ukali. Lakini mtu kutumia chumvi vibaya hakuifanyi chumvi kuwa sumu. Tofauti ya kushika ili ujinasue na kushika ili kuua pambano ipo, waamuzi wanaijua, na wana mamlaka ya kuadhibu.

Na hapa niseme jambo la lugha, maana huenda ndilo mzizi wa tatizo letu. Watangazaji wetu wana maneno mazuri na mengi ya kupiga. Ukifika kwenye kujikinga kwa karibu, neno ni moja tu: kukumbatia. Neno la wapenzi na la msibani. Mtangazaji akisema "anamkumbatia!" ukumbi unacheka, na kijana anayesikia kicheko hicho anajifunza kwamba kushika ni aibu, bora apigwe kiume. Kwa nini tusiseme amemfunga mikono? Ndicho kinachotokea kweli. Mikono ya mtu imefungwa, haifanyi kazi. Siku mtangazaji atakaposema "amemfunga, hatoki!" kwa sauti ileile anayotangazia konde, vijana wetu watataka kujifunza kufunga.

Sasa nitaje mambo yenyewe, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kelele tu. Ninayoyataja si siri. Yamo kwenye mapambano ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuyatazama.

La kwanza ni magoti. Mrefu akibanwa anataka kujifupisha, na hilo si kosa, lakini anajifupishia kiunoni. Anakunja mgongo kama anayetafuta shilingi chini, kichwa kinapita mbele ya mguu wa mbele, na hapo mfupi anafanya jambo rahisi kabisa: apakati, ile ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni. Anayejifupisha kwa magoti anabaki na kichwa juu ya nyonga zake, miguu imepanuka, kidevu kimeingia nyuma ya bega. Ni kazi ngumu kwa mapaja, ndiyo maana lazima ifanyiwe mazoezi. Mtu hajifunzi kuchuchumaa na kuinuka raundi ya nane akiwa anapigwa.

La pili ni viwiko. Mikono mirefu ikinyanyuka kuzuia huki za kichwani, viwiko vinapanda nayo, na mbavu zote zinabaki nje. Upande wa kulia kuna ini, na huki ya kushoto ya mtu mfupi iko kwenye kimo chake hasa. Kosa la kawaida ni kuushusha mkono kulifuata konde la mwilini. Ukishusha, kichwa kimebaki wazi, na aliyekupiga mwilini alikuwa anasubiri hilo tu. Mwili mzima ndio unashuka, mkono unabaki shavuni, kiwiko kinakutana na nyonga. Ni sentimita chache tu za magoti, na ndiyo maana nililitaja goti kwanza.

La tatu ni kuacha kuvuta kichwa nyuma. Ukiwa katikati ya ulingo, mrefu akijivuta nyuma kidogo konde la mfupi linapita hewani, na inapendeza. Anazoea. Siku moja anafanya hivyohivyo akiwa na kamba mgongoni. Lennox Lewis, pamoja na ujuzi wake wote, alifanya hivyo Brakpan, Afrika Kusini, tarehe 22 Aprili 2001. Raundi ya tano, kambani, mikono chini, tabasamu usoni. Hasim Rahman akapeleka mkono wa kulia, na ubingwa ukaondoka. Rahman hata hakuwa mfupi hivyo.

Kuna atakayeniambia: mbona Ali alijilaza kambani Kinshasa? Swali zuri, na mimi nalisikia sana kwa sababu Kinshasa ni jirani na kila mtu huku ana simulizi yake ya tarehe 30 Oktoba 1974. Lakini tazama alichokuwa anafanya Ali kambani. Glovu ziko juu, viganja vya mikono vinaziba mashavu, viwiko vimebana, na kila Foreman anaposogea anakuta mkono umewekwa nyuma ya shingo yake unamvuta chini. Katikati ya hapo Ali anarudisha ngumi za haraka usoni. Mbinu ya kushika shingo alikuwa ameitumia Januari ya mwaka uleule dhidi ya Joe Frazier, mpaka kambi ya Frazier ikalalamika. Yaani yule tunayemtolea mfano wa mtu aliyekaa mbali na kuelea alishinda usiku wake mkubwa kuliko yote kwa ujuzi wa karibu. Na bado alikula ngumi za mwilini ambazo nisingemtakia mtoto wa mtu.

La nne linawashangaza wengi: ukishindwa kuwa mbali, kuwa karibu zaidi. Sehemu ya hatari si kifuani kabisa. Ni pale nusu hatua kabla ya kifuani, ambapo mfupi ana nafasi ya kukunja kiwiko na kuzungusha nyonga. Mrefu anayesita pale, si mbali si karibu, anasimama hasa mahali ambapo mwenzake alitaka asimame. Akisogea mpaka bega lake likutane na bega la mwenzake, kichwa chake kikiwa nje ya kichwa cha mwenzake upande wa sikio, zile huki zinakosa nafasi. Konde likipigwa halina mzunguko.

La tano ni kumfunga, na hapa Mungu alimpa mrefu zawadi ambayo hatumwonyeshi namna ya kuitumia. Mikono mirefu inapita juu ya mikono ya mwenzake na kuibana juu ya kiwiko, ikilala kwapani mwako. Au inapita ndani na glovu zinakaa kwenye misuli ya juu ya mikono yake, hapigi. Ukifunga mkono mmoja tu, ule usiofungwa ndio utakaokupiga, kwa hiyo upande ule jisogeze ukae karibu kabisa. Uzito wako mwachie aubebe. Kumkandamiza shingo kwenda chini ni kosa, kupiga huku umeshika ni kosa, kiwiko ni kosa kubwa. Kijana afundishwe mipaka hiyo pamoja na mbinu yenyewe, si baada ya kukatwa pointi.

La sita ni kutoka. Wengi wanashika vizuri, mwamuzi anaachanisha, halafu wanarudi nyuma mstari ulionyooka mikono ikiwa imening'inia. Mikono inabaki juu mpaka mguu wa mwisho utoke kwenye hatari. Na kama mwamuzi hajaja, usitoke kwa nyuma, toka kwa pembeni: mguu wa mbele unatoka nje ya mguu wake, mkono unaegemea bega lake, unazunguka, yeye sasa ndiye anayetazama kamba. Hapo sasa jebu inarudi kazini.

La saba ni kumwadhibu kidogo. Usipompiga kabisa kwa karibu, ataingia kama anaingia sebuleni kwake. Kingston, Jamaika, Januari 1973, Frazier alimwendea George Foreman akiwa ameinama kama kawaida yake. Foreman, mrefu kuliko yeye, alikuwa anamsukuma mabegani kumsimamisha, kisha apakati na huki fupi. Frazier alianguka mara sita ndani ya raundi mbili. Miaka mingi baadaye, Juni 2002 jijini Memphis, Lewis alimfanyia Mike Tyson kazi ya aina hiyo: anamfunga, anamwegemea, anamwachia, anampiga apakati akirudi. Mwamuzi alimkata pointi moja raundi ya nne kwa kusukuma. Lewis akalipa, akaendelea, akamaliza raundi ya nane. Tofauti ya urefu kati yao ilikuwa kama sentimita 18, na Tyson alikuwa ameishi maisha yake yote akila warefu waliosimama wima.

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi ya wanaonipinga, maana ipo. Wanasema ukimfundisha mrefu kupigana karibu atapenda kukaa karibu, atapoteza faida yake. Na mfano wanao: Sebastian Fundora wa Marekani, karibu sentimita 197 kwenye uzito wa watu wa kilo chini ya 70. Anapenda kubanana kifua kwa kifua na watu anaowazidi kichwa kizima. Aprili 2023 alikuwa anaongoza kwa pointi dhidi ya Brian Mendoza, na raundi ya saba huki ya kushoto ikamtikisa, zikafuata nyingine, akalala. Tazameni, wanasema, haya ndiyo matunda ya karibu.

Mimi namtazama Fundora naona jambo jingine. Anachokifanya kwa karibu ni kushambulia. Ngumi zake za karibu ni nyingi na nzuri, lakini anazirusha akiwa wima na kidevu juu, mkono wa pili hauko shavuni. Hajifungi na hafungi. Huo si ushahidi kwamba mrefu asifundishwe karibu, ni ushahidi kwamba kufundishwa kushambulia karibu bila kujikinga karibu ni nusu nyingine ya kosa lilelile. Na yeye mwenyewe alirudi Machi 2024 akamshinda Tim Tszyu na kuchukua mikanda miwili, kwa hiyo tusimzike. Kuhusu tamaa ya kukaa karibu, kazi ya kocha ni ipi? Anayemfundisha mtoto kuogelea hamwambii ahamie baharini. Anataka ngalawa ikipinduka afike ufukweni.

Hoja nyingine ni ya ngumi za ridhaa, na hii naipokea nusu. Kule ni raundi tatu za dakika tatu, mwamuzi hana subira na kushika, onyo linakugharimu pointi, na ukirundika maonyo unatolewa. Kweli kabisa, kijana wa ridhaa hawezi kupigana kama Klitschko. Lakini katika mambo saba niliyotaja, ni moja tu ambalo ni kufunga. Magoti, viwiko, kutovuta kichwa, kusogea bega kwa bega, kutoka kwa pembeni na apakati fupi havina onyo mahali popote. Kwa hiyo sheria za ridhaa si kisingizio. Zinadai ujuzi wa karibu ulio safi zaidi, basi.

Kwa nini basi hatufundishi? Nadhani jibu la kwanza ni kwamba mrefu anashinda mapema. Kijana wa miaka 16 mwenye mikono mirefu anawapiga wenzake wote wa mtaani kwa jebu peke yake, kocha anafurahi, medali zinakuja, nani aharibu utamu? Jibu la pili ni kwamba mazoezi ya karibu yanauma na yanachosha, na yanahitaji kocha asimame pale kila dakika kusahihisha goti na kiwiko. Kushika pedi kwa mbali ni rahisi, tena kunapendeza kwenye video ya simu. La tatu ni baya zaidi: kuna waandaaji wanaomjua vizuri mrefu asiyejua karibu, na wanamtafutia mfupi mwenye nguvu ili ukumbi upate ulichokuja kutazama. Kijana analipwa pesa ya nauli na ya supu, anapigwa kichwani raundi sita, na baada ya miezi miwili anapandishwa tena.

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Ngumi ya kichwani si kitu cha kurekodiwa kwenye simu na kusahauliwa. Ubongo hauna misuli ya kuota upya. Kila mchezaji anaujua uzee wa bondia aliyekula sana: maneno yanakwama, mikono inatetemeka, anakusalimia mara mbili. Mabondia wamekubali hatari hiyo, sawa, ni watu wazima. Ila kuna hatari ya mchezo na kuna hatari ya uvivu wa mwalimu. Ngumi ambayo ungeweza kuzuiwa kwa mafunzo ya miezi mitatu si ajali ya kazi. Kuna mtu aliyetakiwa kuifundisha na hakuifundisha.

Ninachodai si kikubwa. Kila jimu lenye kijana mrefu litenge sehemu ya mazoezi ya kupigana yanayoanzia mahali pabaya: yeye kambani, mwenzake kifuani, glovu nene za aunsi 16, dakika moja moja, nguvu ndogo. Kazi yake iwe moja tu, kutoka salama. Asihesabiwe ngumi alizopiga, ahesabiwe mara alizotoka bila kuguswa kidevuni. Wiki za kwanza atachukia, atasema yeye si wa mtindo huo. Mwache aseme. Jebu yake haitaondoka, tena itakuwa kali zaidi, kwa sababu anayejua la kufanya mwenzake akipenya hana woga wa kuinyoosha jebu mpaka mwisho. Anayeogopa kupenyewa anairusha nusu na kuirudisha haraka, na ndivyo anavyopenyewa.

Kwa wazazi, wajomba na kaka mnaowapeleka vijana klabuni, nawaachia swali moja la kumwuliza kocha kabla ya kulipa ada. Mwulizeni kwa heshima zote: "Mwalimu, kijana wetu akibanwa kambani, umemfundisha afanye nini?" Akianza kuonyesha kwa mwili wake, akakunja magoti, akaweka kiwiko mahali pake, akamwita kijana waonyeshane, mwacheni mtoto hapo. Akijibu kwamba kijana mrefu hatakiwi kabisa kubanwa kambani, shukuruni, mchukueni mtoto, mkatafute klabu nyingine.